Kuunasa Mvuke wa Zebaki

Sinabari ni madini mekundu na mazito yanayoundwa na vitu viwili tu, zebaki na salfa. Kipande chake kisicho na uchafu kina takribani asilimia 86 ya zebaki kwa uzito, ingawa mbale inayotolewa mgodini huwa hafifu zaidi, kwa kuwa sinabari imetawanyika ndani ya mwamba mwingine. Kuitenganisha si kazi ngumu. Ikipashwa moto penye hewa, salfa hushikana na oksijeni na kutoka kama dioksidi ya salfa, gesi kali inayokaba koo, na zebaki huachwa huru. Moto wa kuni unatosha. Ugumu unaanzia hapo. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, ilhali tanuri lake hufanya kazi kwenye nyuzi 600 na zaidi, kwa hiyo metali hii haichuruziki chini ya tanuri kama shaba au risasi. Hupaa na moshi. Myeyushaji wa shaba huinama kutazama kilicho chini ya moto wake. Mchenjuaji wa zebaki hana budi kukifuata kinachomkimbia. Ndiyo maana historia ya uchenjuaji wa zebaki ni historia ya kupoza kuliko ya kuchoma, na kila hatua yake imeamuliwa na swali moja: mvuke utanaswa wapi kabla haujaingia hewani na vifuani mwa watu?

Kanuni yenyewe wanaijua vizuri wanaokeneka gongo. Mvuke ukipitishwa kwenye mrija uliozungukwa na ubaridi, hutonesha matone. Lakini mvuke wa pombe hutoka ukiwa peke yake kwenye pipa lililofungwa, wakati mvuke wa zebaki katika tanuri la wazi hutoka umechanganyika na moshi wa kuni, hewa, unyevu na gesi ya salfa, na mara nyingi zebaki yenyewe ni sehemu ndogo sana ya mchanganyiko huo. Gesi hizo zote hubeba zebaki kwa kadiri ya joto lao. Kila mita ya ujazo ya hewa iliyoshiba mvuke huo hubeba zaidi ya gramu 2 za zebaki kwenye nyuzi 100, miligramu 60 hivi kwenye nyuzi 40, na miligramu 13 hivi kwenye nyuzi 20. Kwa hiyo kadiri moshi unavyokuwa mwingi na wa moto pale unapoachiwa, ndivyo mali inavyopotea. Zaidi ya hapo, mvuke uliopoa ghafla haufanyi matone makubwa yanayodondoka. Hufanya ukungu wa chembe ndogo mno zinazoelea na kusafiri mbali na tanuri. Na gesi ya salfa ikikutana na maji na hewa huzaa asidi inayokula chuma. Kiasi cha moshi, ukungu na asidi viliwasumbua mafundi kwa zaidi ya miaka 300.

Watu wa kale hawakuona matatizo hayo kwa sababu walichenjua kidogo. Mwanafalsafa Mgiriki Theophrastus, aliyeandika karne ya 4 kabla ya Kristo, anaeleza njia isiyotumia moto kabisa: sinabari inasuguliwa pamoja na siki katika kinu cha shaba kwa mchi wa shaba. Karne ya kwanza baada ya Kristo, tabibu Dioscorides anaeleza kifaa halisi cha kutonesha. Sinabari inawekwa kwenye kijiko cha chuma ndani ya chungu, chungu kinafunikwa kwa kifuniko kirefu, maungio yanakandikwa kwa udongo, kisha makaa yanawashwa chini yake. Masizi yanayoganda ndani ya kifuniko hukwanguliwa, na yakipoa huwa zebaki. Katika maelezo hayo mafupi imo hitilafu itakayojirudia katika kila tanuri lililofuata, yaani kwamba kinachopatikana kwanza ni masizi, na metali inabidi ikamuliwe humo.

Kwa Warumi, sinabari yenyewe ilikuwa na thamani kuliko zebaki, kwa ajili ya rangi nyekundu ya kuta na maandishi. Mwandishi Mroma Pliny anaandika kwamba mbale ya Sisapo, katika eneo la Almadén la leo kusini mwa Hispania, ilipelekwa Roma ikiwa imetiwa mihuri, ikasafishwa huko. Baadaye Waislamu wa Andalusia waliendelea kuchimba hapo, na waandishi wa Kiarabu wanasimulia juu ya birika la zebaki lililowekwa katika kasri la Madinat al-Zahra karibu na Cordoba ili mwanga wa jua ukichezeshwa juu yake uwashangaze wageni. Hata hivyo mahitaji yalibaki madogo, na vyungu vilitosha.

Njia za vyungu zinaonekana vizuri zaidi katika kitabu cha Georgius Agricola juu ya madini, kilichochapishwa mwaka 1556. Njia moja ilikuwa kujaza mbale kwenye chungu cha juu, kuziba mdomo wake kwa kuvumwani, na kukipindua juu ya chungu kitupu kilichofukiwa ardhini. Moto ulikokwa kukizunguka cha juu. Mvuke, kwa kukosa njia nyingine, ulishuka kwenye ubaridi wa udongo na kugeuka kimiminika. Njia nyingine anayoieleza inashangaza hata leo: chumba kilichofungwa chenye paa la kuba, ndani yake vyungu vinafukuza mvuke, na katikati imesimamishwa miti yenye majani mabichi ili zebaki itue kwenye majani kama umande. Kwa mtu asiye na mabomba, wazo hilo halikuwa la kijinga, maana majani yana eneo kubwa na ubaridi wa maji yaliyomo. Agricola anawaonya pia wafanyakazi wasikae upande moshi unakoelekea, kwa sababu hulegeza meno.

Huko Idrija, katika milima ya Slovenia ya leo, zebaki iligunduliwa mwaka 1490. Masimulizi ya wenyeji yanasema fundi wa ndoo za mbao aliikuta ikimeremeta ndani ya ndoo aliyoitumbukiza kijitoni. Mwanzoni mbale ilichomwa kwa mafungu ya kuni msituni, na sehemu kubwa ya zebaki ikapotea hewani au ikazama ardhini. Vilifuata vyungu vya udongo, vilivyotumika kwa maelfu na kuvunjika kwa maelfu, hata misitu inayozunguka mji huo bado ina marundo ya vigae vyake.

Kilichobadilisha kiwango cha kazi ni fedha ya Amerika. Katika miaka ya 1550 Bartolomé de Medina alionyesha huko Pachuca, Meksiko, jinsi ya kutoa fedha kwenye mbale hafifu kwa kuichanganya na zebaki bila kuiyeyusha. Ghafla himaya ya Hispania ilihitaji zebaki kwa mamia ya tani kila mwaka. Almadén, iliyokodishwa kwa ukoo wa wafanyabiashara wa Kijerumani wa Fugger, haikuweza kutosheleza peke yake. Mwaka 1563 Amador de Cabrera alionyeshwa na mwenyeji wa Kiandi mahali pa sinabari huko Huancavelica, Peru, na mgodi wa hapo ukawa nguzo ya pili ya biashara hiyo. Naibu wa mfalme, Francisco de Toledo, aliuunganisha na mfumo wa kazi ya lazima ulioitwa mita, ambao ulizilazimisha jamii za wenyeji wa milimani kutoa wanaume kwa zamu.

Huancavelica iko juu sana, mahali ambapo miti ni adimu, na mafundi wake walichomea mbale kwa majani makavu ya ichu yanayoota kwenye nyanda za Andes. Majani hayo huwaka haraka na kwa mwali mrefu, hayafai kwa safu za vyungu vidogo vinavyohitaji kuzungukwa na makaa. Labda hilo nalo lilichangia mtu wa huko atafute njia nyingine. Mwaka 1633 Lope de Saavedra Barba, tabibu aliyekuwa akiishi Huancavelica, alijenga tanuri ambamo mbale ilirundikwa moja kwa moja juu ya sakafu ya matofali yenye matundu, moto ukiwa chini yake. Mwali ulipita katikati ya mawe yenyewe. Moshi wote pamoja na mvuke ulitokea juu na kuingizwa katika safu ndefu za vyombo vya udongo vilivyotobolewa pande zote mbili, kimoja kikichomekwa katika kingine. Vyombo hivyo viliitwa aludeli. Kila aludeli ilikuwa nene katikati na nyembamba mwishoni, na maungio yake yalikandikwa kwa udongo uliochanganywa na majivu.

Katika historia ya zebaki hakuna uvumbuzi uliodumu kuliko huo. Mwaka 1646 Juan Alonso de Bustamante, aliyekuwa ameuona Huancavelica, aliupeleka Almadén, na huko Ulaya tanuri likapewa jina lake badala ya la mvumbuzi. Idrija ilijenga matanuri ya namna hiyo mwaka 1750. Almadén yenyewe iliendelea kuyatumia hadi karne ya 20, muda wa karibu miaka 300 bila kubadilisha msingi wake.

Mpango wa Almadén unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu unaonyesha jinsi mafundi wasio na hesabu za gesi walivyolitatua suala la kupoza. Safu za aludeli hazikulazwa mlalo. Zilishuka mteremko taratibu kutoka tanurini hadi kwenye mfereji katikati ya uwanja, kisha zikapanda mteremko mwingine hadi kwenye chumba chenye dohani. Karibu na tanuri mvuke ulikuwa moto sana, na zebaki iliyotona humo ilitiririka kuelekea chini. Upande wa pili gesi zilikuwa zimepungua joto, na kilichobaki kilitona na kurudi nyuma kwa mteremko huo huo. Aludeli za chini zilitobolewa tundu ambalo zebaki ilidondokea mferejini, kisha ikaingia kwenye birika la mawe. Kila tanuri lilikuwa na mamia ya aludeli, zote zikiwa wazi kwa upepo. Moto ulikokwa kwa vichaka vya nyikani kwa saa kadhaa, halafu tanuri likaachwa lipoe kwa siku nzima na zaidi kabla ya kufunguliwa.

Udhaifu wake ni maungio. Mamia ya vipande vya udongo vilivyokandikwa kwa mkono vilikuwa na mamia ya mahali pa kuvuja, na kila mara aludeli zilipofunguliwa ili masizi yakwanguliwe, mvuke uliobaki uliwatoka wafanyakazi usoni. Kuanzia mwaka 1566 Almadén ilipelekewa wafungwa waliohukumiwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme, na pamoja nao watumwa, wengi wao Waislamu kutoka Afrika Kaskazini. Mwaka 1593, kabla ya kuja kwa aludeli, afisa wa serikali Mateo Alemán, ambaye baadaye alipata sifa kwa riwaya zake, alitumwa kuwahoji wafungwa hao kwa siri. Ushahidi alioukusanya unaeleza watu waliolazimishwa kufungua vyungu vikiwa bado vya moto, wakavuta mvuke, wakaanza kutetemeka na kupoteza akili. Kazi ya tanurini iliogopwa kuliko kazi ya shimoni.

Mtaalamu wa mimea Mfaransa Antoine de Jussieu aliizuru Almadén, na katika maelezo yaliyochapishwa mwaka 1719 aligusia jambo ambalo lingepaswa kubadilisha mengi. Wafanyakazi huru waliobadili nguo na kunawa baada ya zamu waliweza kuendelea na afya kwa muda mrefu. Watumwa na wafungwa, waliokula bila kunawa wakiwa na nguo zile zile, waliugua. Huko Idrija naye tabibu Giovanni Antonio Scopoli, aliyewatibu wachimbaji kwa miaka 15 hivi, aliandika mwaka 1761 kitabu kinachoeleza mtetemeko, udenda, vidonda vya fizi na kudhoofika kwa wagonjwa wake. Maarifa yalikuwepo. Matanuri yaliboreshwa kwa sababu nyingine, nayo ni hasara ya zebaki yenyewe.

Idrija ndiyo iliyoachana na aludeli mapema. Mwishoni mwa karne ya 18 ilijenga matanuri makubwa ambayo gesi zake zilipitishwa kwenye vyumba vya matofali vilivyofuatana, kikubwa baada ya kikubwa. Faida yake ilikuwa maungio machache. Hasara yake ni kwamba ukuta mnene wa matofali hupoteza joto polepole, na tofali ni kitu chenye vinyweleo kinachofyonza zebaki. Jengo la kuhifadhi mali likaanza kuila mali.

Tatizo hilo lilionekana waziwazi California. Mwaka 1845 Andrés Castillero, afisa wa jeshi la Meksiko, alitambua kuwa mwamba mwekundu uliokuwa ukitumiwa na wenyeji wa asili wa eneo la San Jose kama rangi ulikuwa sinabari. Mgodi ukaitwa New Almaden. Majaribio ya mwanzo yalifanywa kwa kilichokuwa karibu: mitutu ya bunduki iliyojazwa mbale, na baada yake masufuria makubwa ya chuma ambayo wavuvi wa nyangumi walitumia kuyeyushia mafuta. Miaka michache baadaye dhahabu ilipatikana California, na zebaki iliyohitajika kuikusanya ikawa inatoka mgodi wa jirani. Mwaka 1865 New Almaden ilitoa zaidi ya chupa 47,000. Chupa ya zebaki ni chombo cha chuma kinachobeba kilo 34.5, uzito wa mfuko mkubwa wa nafaka katika ujazo wa lita mbili na nusu hivi.

Matanuri ya kwanza ya New Almaden yalikuwa na vyumba vya matofali kwa mtindo wa Ulaya. Yalipobomolewa, mafundi walikuta zebaki imepenya misingi na kuzama ardhini hadi kwenye mwamba, na walijipatia faida kwa kuchimba chini ya majengo yao wenyewe. Baada ya hapo misingi ilijengwa juu ya bamba za chuma na matao yaliyo wazi, ili kinachovuja kionekane na kirudishwe. Katikati ya miaka ya 1870 tanuri la Robert Scott lilileta mabadiliko mengine. Lilifanya kazi mfululizo, mbale laini ikiteremka yenyewe juu ya vigae vilivyoinamishwa kwa zamu kushoto na kulia, bila tanuri kuzimwa na kufunguliwa. Kwa kutonesha hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko kwa kuchoma: gesi zilitoka kwa kiasi na joto lile lile mchana na usiku, hivyo vyumba vya kupozea viliweza kupangwa kwa hesabu.

Hesabu hiyo ilifanywa na Samuel Christy, profesa wa Chuo Kikuu cha California, aliyechapisha katikati ya miaka ya 1880 uchunguzi wa jinsi zebaki inavyotoneshwa New Almaden. Suala lililokuwa mbele yake na mbele ya meneja wa mgodi, J. B. Randol, lilikuwa la vifaa. Chuma hupitisha joto vizuri, kwa hiyo kinapoza haraka, lakini asidi hukitoboa. Tofali huvumilia joto kali, lakini hufyonza na hupoza kwa uvivu. Mbao na kioo haviliwi na asidi kwa urahisi, ila haviwezi kukaa karibu na moto. Jibu halikuwa kuchagua kimoja. Karibu na tanuri walitumia matofali na chuma, ambako gesi bado ni moto na kavu kiasi kwamba asidi haijawa majimaji. Mbali zaidi, gesi zilipopoa na unyevu kuanza kutona pamoja na asidi, waliweka vyumba vya mbao vyenye madirisha ya vioo. Mpangilio huo wa kubadili kifaa kulingana na joto ndio mchango mkubwa wa California kwa ufundi huu, ingawa matanuri yenyewe ndiyo husifiwa zaidi.

Yalibaki masizi. Katika kila mfumo, sehemu kubwa ya zebaki haikufika birikani ikiwa kimiminika safi, bali ilikaa kwenye kuta ikiwa tope jeusi la matone madogo yaliyovikwa masizi, lami, vumbi la mbale na chumvi. Matone hayo hayaungani, kwa kuwa kila moja lina gamba la uchafu. Dawa ilikuwa chokaa au majivu. Masizi yalitandazwa kwenye bamba lililoinama, yakanyunyiziwa chokaa, na mfanyakazi akayavuruga kwa jembe au reki hadi mafuta yanyonywe na matone yaanze kukimbiliana na kuteremka. Kilichobaki kilirudishwa tanurini. Kazi hii ya mikono, iliyofanyika karibu kabisa na zebaki iliyosambaa, iliendelea katika karne ya 20 hata penye mitambo ya kisasa, baadhi ikifanywa kwa pangaboi za mashine badala ya jembe.

Mitambo hiyo ilikuja na tanuri la mzunguko, silinda ndefu ya chuma iliyoinama kidogo na kuzunguka polepole, aina ile ile inayotumika viwanda vya saruji. Gesi zilivutwa na feni, zikasafishwa vumbi, kisha zikapandishwa na kushushwa katika mabomba marefu ya wima ambayo sehemu zake za chini zilichovywa ndani ya maji ili zebaki idondoke bila gesi kutoroka. Feni ilikuwa muhimu kuliko inavyoonekana: ilishusha mkandamizo ndani ya mfumo, kwa hiyo ufa ukitokea hewa huingia ndani badala ya mvuke kutoka nje. Chuma kisichoshika kutu kiliondoa sehemu kubwa ya ugomvi wa asidi. Hata hivyo dohani haikuwahi kuacha kabisa kutoa zebaki, kwa sababu gesi iliyoshiba hubeba kiasi chake kwenye joto lolote.

Soko ndilo lililozima matanuri. Idrija, iliyotoa zaidi ya tani 100,000 katika miaka 500, iliacha kuchenjua miaka ya 1990, na Almadén ikafuata mwanzoni mwa karne ya 21. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku usafirishaji wa zebaki nje ya nchi zake; mwaka uliofuata miji hiyo miwili iliingizwa pamoja katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika Agosti 2017, unazuia kufunguliwa kwa migodi mipya ya zebaki na kuzipa nchi wanachama muda wa miaka 15 kufunga iliyopo.

Kutonesha mvuke wa zebaki kumebaki katika sura ndogo zaidi, miongoni mwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakiwemo wa Geita na maeneo mengine ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania na wa Migori nchini Kenya. Wao hawatoi zebaki kwenye mbale. Wanaitumia kushika dhahabu, kisha wanachoma donge la mchanganyiko huo ili zebaki iondoke. Likichomwa kwenye karai la wazi, mvuke wote huenda hewani. Retoti ni kikombe cha chuma chenye kifuniko kinachobanwa kwa skrubu na mrija unaoinama hadi kwenye chombo cha maji, na ikitumika vizuri hurudisha sehemu kubwa ya zebaki kwa matumizi mengine. Wachimbaji wengi hawaipendi kwa sababu wanazoweza kuzieleza: inachukua muda mrefu kuliko moto wa wazi, na donge linapokuwa limefunikwa mwenye mali haioni dhahabu yake hadi kifuniko kifunguliwe. Mrija nao unatakiwa uishie juu kidogo ya maji badala ya kuzama ndani yake, maana kikombe kikipoa ghafla maji huvutwa juu mrijani na kupasukia kwenye chuma cha moto.